Jitu Chini ya Jogoo Road

Maji yalipokatika mtaani kwetu, paipu zilikoroma. Tulikaa katika nyumba za kanjo, yaani za halmashauri ya jiji, upande wa Makadara, chumba kimoja kwa familia nzima, na mfereji mmoja ulihudumia milango mingi. Wakati wa kiangazi ulikuwa unafungua mfereji unapata tone la kutu, halafu inafuata sauti ndefu, nzito, kutoka chini kabisa, kama ya mtu aliyelala chali baada ya kushiba. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walisonya, wakageuza ndoo zao wakazikalia. Mimi niliweka sikio kwenye chuma.

Nilimuuliza mama ni nini. Akasema ni hewa. Nikamuuliza baba, aliyefanya kazi katika kiwanda cha rangi Industrial Area na kurudi kila jioni na rangi nyingine kwenye kucha. Baba hakuwa na haraka. Alivua viatu, akasikiliza, akaniambia kuna jitu limelala chini ya Jogoo Road. Limeyaweka maji ya mji mdomoni, na likigeuka upande ndipo nasi tunapata kidogo. Alisema kwao magharibi majitu yalikaa misituni, lakini misitu ilipokatwa yalikuja Nairobi kutafuta kazi kama watu wengine.

Sijawahi kusikia maelezo ya kuridhisha zaidi juu ya ukosefu wa maji, na baadaye nimesikiliza maelezo ya wakubwa wengi.

Nilianza kusimulia palepale kwenye foleni. Watoto waliotumwa kuwashikia mama zao nafasi walinizunguka, na kila siku nilipaswa kuongeza kitu, kwa sababu msikilizaji wa mtaa wetu hakukubali kupewa hadithi ya jana. Jitu likapata mke. Likapata jino bovu. Likapata kesi na jitu lingine la upande wa River Road lililodai mpaka umesogezwa. Watoto wakasahau foleni, ndoo zikarukwa, akina mama wakalalamika.

Malalamiko yalimfikia mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu. Alikuwa mwanamke mrefu, mzaliwa wa Nyeri, mwenye sauti nzuri ya kuimba na msimamo usioyumba. Alikuja Jumapili alasiri na wenzake wawili. Mama alipika chai. Mwenyekiti akaeleza kwa upole kwamba mtoto anayeona jitu ardhini ameanza kuonyeshwa mapepo, na dawa yake ni kupiga magoti na kulikana jitu hilo mbele ya mashahidi.

Nilipiga magoti, maana nilifundishwa adabu. Lakini kukana sikukana.

"Halijanikosea kitu," nilisema.

Waliniombea hata hivyo, hadi chai ikashika utando juu. Baba alikuwa nyuma ya pazia, kitandani, akijifanya amelala. Walipokwenda, mama alinikataza kabisa kusimulia tena mambo ya ardhini. Kesho yake niliwahamishia wasikilizaji wangu nyuma ya mahali pa kufulia, ambako watu wazima hawakupenda kwenda kwa sababu ya matope. Nikiangalia nyuma naona maisha yangu yote ya uandishi yamekuwa hivyo: nikifukuzwa mahali, natafuta mahali penye matope.

Nilipomaliza kidato cha nne nilijifunza kupiga taipu, nikaajiriwa na wakili mmoja mwenye ofisi ndogo karibu na mahakama ya Makadara. Kazi yangu ilikuwa hati za kiapo. Wakili alishinda kutwa mahakamani, kwa hiyo wateja walikaa kwenye benchi mbele yangu na kunimwagia mimi habari zao kwanza, kwa Kiswahili, kwa Kikuyu, kwa Kijaluo, nami nikaandika muhtasari ili yeye auweke katika Kiingereza cha sheria. Nakumbuka ndugu wawili, watoto wa tumbo moja, walioapa siku moja, mmoja asubuhi na mwingine alasiri, kwamba cherehani ya marehemu mama yao ni yake peke yake. Wote wawili walilia. Wote wawili niliwaamini.

Nilitembea kwenda nyumbani siku hiyo nikiwafikiria. Nikajiuliza ingekuwaje kama neno la kiapo lingekuwa na mwili. Ndipo nilipopata sheria ya mji wangu wa chini, ule ninaouandika mpaka leo: mtu akiapa, neno lake linageuka ndege. La kweli linaruka na kwenda zake. La uongo linatua begani mwa aliyelisema na haliondoki, anakula nalo, anaoa nalo, anazikwa nalo. Wakili alipokuja kusoma sehemu hiyo aliguna, akaniuliza yeye ninadhani ana ndege wangapi. Nikamjibu kwamba hesabu hiyo anayo mwenyewe. Alicheka, namshukuru kwa hilo, kwa sababu mwajiri mwingine angenifuta kazi.

Nyumbani hapakuwa na meza ya kuandikia. Nilikuwa na ufunguo wa ofisi, kwa hiyo nilifika asubuhi mapema, nikafagia, nikapanguza vumbi, kisha nikaandika mpaka mteja wa kwanza akohoe mlangoni. Sentensi ambayo haikumalizika ilibaki hivyo hivyo kutwa nzima, na niliipenda zaidi kwa sababu hiyo. Nilipiga taipu huku nikiibeba kichwani kama mwanamke abebaye ndoo, nikiangalia isimwagike.

Jumamosi nilikuwa katika soko la Gikomba. Mama wakati huo aliuza mitumba, makoti na sweta hasa, na mimi nilimsaidia kufungua belo, lile robota la nguo lililokazwa kwa kamba, na kuchambua. Watu waliniuliza nawezaje kuandika pale, mbele maseremala wanagonga vitanda, nyuma wavuta mikokoteni wanapiga kelele za kuomba njia. Ukweli ni kwamba kimya kilinitia wasiwasi. Sikulelewa nacho. Na belo lilipokatwa kamba, likapumua na kujitanua, kila nguo ilitoka na mwili wa mtu nisiyemjua: koti la nchi ya theluji lenye tiketi mfukoni, sweta lililoshonwa kiwiko kwa uzi usiofanana. Niliona muuza makaa akinunua gauni la harusi ili akate mapazia. Watu wangu wa chini nikawavika hivyo hivyo. Walivaa vile vilivyowaangukia kutoka juu, wakavivaa kwa madaha, bila kuuliza vilikusudiwa nini.

Kitabu kilipokamilika kilikuwa hivi. Zamani wakubwa wa mji waliliahidi jitu jambo, wakaapa, halafu wakasahau. Jitu likafunga mdomo juu ya maji. Miaka ikapita, watu wakazoea kiu. Msichana mmoja aliyechoka kupanga foleni anaingia kwenye paipu, anashuka, anavuka mji wa chini, na kulifikia sikio la jitu. Huko anagundua kwamba haliwezi kufungua mdomo hadi mtu wa juu aseme neno la kweli ambalo halitamletea faida yoyote. Analisema. Anarudi juu na maji yakimfuata nyuma, na watu wanamkuta mferejini amelowa chapachapa.

Niliupeleka muswada mjini, kwa mhariri wa kampuni moja ya vitabu. Alikuwa mtu msomi, mpole, mwenye wino mwekundu. Nilipoitwa kurudi aliniambia ameusoma bila kuuweka chini, kisha akanionyesha ukurasa ambao jitu linaamka kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeandika, kwa Kiswahili cha mtaani: "Msee, nani amekanyaga kichwa yangu?" Alikuwa amekata mstari akaandika juu yake, kwa mwandiko mzuri, "kichwa changu". Alisema wizara ya elimu haiwezi kukubali kitabu cha namna hiyo shuleni. Akauliza ni jitu gani linaongea kama makanga wa matatu.

Nilimweleza kwamba jitu langu limelala chini ya Jogoo Road tangu kabla ya lami, na Kiswahili limejifunza kwa watu waliopita juu yake. Kama angetaka liseme vingine, ilibidi watu waliopita wawe wengine.

Alitabasamu kidogo, akauacha ukurasa huo. Akafunga mlango. Alipoketi tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Wataniuliza jitu hili ni nani," alisema.

"Waambie ni jitu."

"Na hao wakubwa wa mji walioapa wakasahau? Dada, unajua tuko katika miaka gani?"

Nilijua. Ilikuwa miaka ambayo mtu alitazama nyuma yake kabla ya kufanya mzaha. Nilikuwa nimeona wateja wa wakili wangu wakibadilisha maneno katikati ya sentensi mlango ukifunguliwa. Mhariri hakuwa mwoga kuliko mtu mwingine yeyote. Aliniambia ana watoto shuleni, na kwamba kitabu anakipenda, na kwamba amekwisha kutafuta njia. Njia yenyewe ilikuwa ndogo. Mwishoni msichana aamke kitandani kwa mama yake, agundue yote yalikuwa ndoto. Ndoto haina mwenyewe, alisema. Hakuna anayeweza kumshtaki mtu kwa ndoto.

"Aamke tu. Ukurasa mmoja. Nitakitoa mwaka huu."

Nilitazama muswada wangu mezani kwake. Nilitaka kitabu kile kitoke kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilijaribu, kwa haki kabisa, kumwona msichana wangu akifungua macho kitandani, nguo kavu, mama yake akimwambia ainuke, ni wakati wa shule. Niliwaona pia wale wanawake waliokalia ndoo zao. Kama safari ilikuwa ndoto, basi na kiu yao ilikuwa ndoto, na mimi nilisimama kwenye foleni ile, koo langu linakumbuka.

"Hakuwa amelala," nikasema.

Alifunika kalamu yake nyekundu. Kisha akausawazisha muswada pembe kwa pembe, kwa heshima, akanirudishia.

Mama alipandwa na hasira aliposikia. Alisema mwaka mzima nimeacha kuchambua nguo sawasawa kwa ajili ya makaratasi, na sasa mtu anataka kuyafanya kitabu mimi nakataa ukurasa mmoja. Ndoto inaniuma wapi? Watu wote huota. Baba alikuwa ameshaacha kazi kwa sababu ya kifua na alikaa siku nyingi mlangoni kwenye kiti cha mbao. Hakusema nimefanya vyema wala vibaya. Aliuliza kama jitu bado lina lile jino bovu. Nikamwambia nimeliondoa, halikuwa na kazi katika kisa. Akasikitika kweli. Alilipenda jino lile. Wiki hiyo nikalirudisha.

Jumamosi iliyofuata, mama hanisemeshi, fundi wa cherehani aliyekaa kibanda cha pili akaniuliza ugomvi ni wa nini. Nilimweleza. Akasema nimsomee basi, ajue kama ni kitu cha kugombaniwa. Nikaketi juu ya belo nikasoma sura ya kwanza kwa sauti. Fundi akasimamisha mguu kwenye cherehani. Mwuza viatu akasogea. Jumamosi ya pili walikuwepo maseremala, nyundo mikononi, na wanawake waliofika kutafuta blauzi. Mama alilalamika kwamba watu wanasimama na hawanunui, lakini niliona kwamba naye alikunja sweta lile lile mara kadhaa.

Tulikuwa tumefika pale msichana anapovuka soko la mji wa chini, nilipomwona mwanamume mmoja aliyevaa jaketi safi mno. Alishikashika makoti bila kuyaangalia. Nilipopumzika aliuliza nani ameandika maneno haya. Nikasema ni mimi. Akauliza jitu ni nani.

Nilikuwa nimelijibu swali hilo kwa ujasiri ofisini, mlango umefungwa, kwa mtu mpole. Hapa nilipekua kurasa kana kwamba jibu limo humo. Maseremala walianza kutazama nyundo zao. Fundi akainamia kitambaa.

Mama alikuwa juu ya belo, koti mkononi. Akashuka taratibu, akasimama kati yangu na yule mtu, akampangusia vumbi begani kama anavyomfanyia mteja.

"Ndugu yangu, hilo ni jitu," alimwambia. "Huyu amekuwa nalo tangu akiwa mtoto. Kanisa lilimwombea likashindwa. Wewe utaweza?"

Watu walicheka, wengine wakiwa wameinamisha vichwa. Yule mtu hakucheka, lakini hakuondoka. Aliniambia niendelee. Niliendelea. Ukurasa mzima nilisoma bila kuinua macho, halafu msichana wangu akafika mahali ambapo hana budi kukimbia, nami nikakimbia naye, hofu ikabaki nyuma. Alisikiliza hadi mwisho wa sura. Akajaribu sweta moja, akalirudisha, akaenda zake. Sijui alikuwa nani. Labda alitumwa, labda alipenda hadithi. Miaka ile ilikuwa vigumu kuwatofautisha.

Tulipofunga kibanda nilingoja mama aniambie basi, imetosha. Alifunga fundo la mwisho, akasema Jumamosi nyingine niketi ndani zaidi, upande wa ukuta, ili niwaone wanaokuja kabla hawajaniona. Mimi niliamua jambo langu pia. Ilibaki sura ya ahadi, ile ambayo mhariri aliiogopa kuliko zote. Jumamosi hiyo niliketi ukutani kama mama alivyotaka, na ilipofika sehemu ya wakubwa wa mji kuapa nikasimama na kusoma kwa sauti ya kuuza nguo. Ndege walipotua mabegani mwao mtu mmoja nyuma alipiga mluzi.

Baada ya hapo watu walitaka kisa chenyewe mikononi. Wakili aliniruhusu kutumia mashine ya ofisi ya kurudufu, ile ya kuzungusha kwa mkono, ilimradi karatasi ninunue mwenyewe. Alijua kilichomo na alijua mashine ni ya nani. Nilimwuliza kama ana hakika. Alisema yeye ni wakili, akishtakiwa angalau hatalipa wakili. Tulipanga kurasa kitandani kwetu, baba akishika pini. Nakala zilikwenda mitaa ya Kaloleni, Shauri Moyo, Jericho, zikarudi na masahihisho. Kijana mmoja wa mtaa wa Bahati alinisimamisha barabarani kuniambia msichana hawezi kutokea pale nilipomtoa, kwa sababu paipu hiyo inaelekea kwingine, yeye amefanya kazi ya kuzichimba. Mama wa kanisa, yule yule mrefu, alisoma nakala ya jirani, akanijia baada ya ibada akiwa na swali moja tu: je, jitu linaweza kubatizwa? Tulibishana hadi watu wote wakaondoka. Hakukubali, nami sikukubali, lakini alinitaka nimpelekee sehemu ya pili nitakapoiandika.

Kitabu chenye jalada kilichelewa sana. Kilitolewa na mwanamke mmoja mwenye kampuni ndogo, ambaye alikuja Gikomba kutafuta mapazia akakuta kurasa zangu zinasomwa na fundi. Alizisoma pale pale amesimama. Hakuniuliza jitu ni nani. Aliniuliza kama nina kisa kingine. Mwisho ulibaki kama ulivyokuwa, na kichwa cha jitu kikabaki "kichwa yangu". Baba hakuishi kukiona. Alikuwa na kile cha pini, alikisoma akifuata kwa kidole, neno kwa neno, na kwake hicho kilikuwa kitabu kamili. Sikumbishia.

Wakati huo nilikuwa nimehamia Komarock, katika nyumba mpya yenye mfereji ndani ya jikoni, nao pia ulikuwa unakauka. Gazeti moja likaandika kwamba nchi inahitaji waandishi wa kujenga na huyu mama anachimba mashimo. Nilikata maneno hayo nikayabandika ukutani juu ya meza yangu, meza ya kwanza maishani, iliyotengenezwa na seremala aliyekuwa akinisikiliza. Kila asubuhi kabla ya kazi niliyasoma, nikachukua kalamu, nikachimba.

Watu wema huniuliza hata sasa ni lini nitaandika mambo ya kweli. Huwauliza wao wameishi wapi.

Siku nakala za kwanza zilipofika nilimpelekea mama moja kibandani. Aliifuta mikono yake kwanza. Aliigeuza huku na huku, akanusa karatasi, akapitisha kidole juu ya jina langu. Kisha akachukua vibanio viwili, akakitundika kitabu kwenye kamba ya mbele, kati ya blauzi na koti jekundu la mtoto. Mteja mmoja aliyekuwa akichagua sweta akakinyooshea kidole, akataja bei yake ya chini, kama ilivyo desturi ya soko.

Mama hakumtazama.

"Hiyo haipunguzwi," alisema, akaendelea kukunja nguo.